Kukaa au kuuliza: njia mbili za kutengeneza dokumentari Lamu, na jinsi ya kuchagua

Kijana wa Lamu anayetaka kutengeneza dokumentari yake ya kwanza hukutana na swali moja kabla hajanunua hata betri ya akiba. Achague mtu mmoja akae naye miezi, kamera ikiwa karibu, mpaka maisha yenyewe yajisimulie? Au atafute watu wanane wenye habari, awaketishe mmoja mmoja, awahoji, kisha aunganishe majibu yao? Njia ya kwanza naiita kukaa. Ya pili naiita kuuliza. Zote mbili zimetoa filamu nzuri, na zote mbili zimetoa filamu za kuchosha, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba moja ni ya wasanii na nyingine ni ya watu wa televisheni. Nataka uchague ukijua kila moja inakudai nini wewe, na inawadai nini wale utakaowaelekezea kamera.

Nawaandikia hasa vijana wa Amu, yaani mji wa Lamu wenyewe, wa Shela, Matondoni, Pate, na wenzetu wa Malindi. Ushauri mwingi uliopo umeandikwa na watu wa miji mikubwa ya mbali, na haujui pepo za kusi wala kaskazi, haujui tofauti ya kuketi barazani na kukaribishwa ndani.

Unachopata kwa kukaa

Chukua fundi wa majahazi pale Matondoni. Ukimwuliza kalafati hupigwaje, atakujibu kwa sentensi mbili: unatia pamba yenye mafuta katikati ya mbao, unaishindilia kwa patasi butu na nyundo, basi. Jibu ni sahihi, na filamu yako bado haina kitu. Ukikaa naye asubuhi nzima utaona mambo ambayo mwenyewe ameshasahau kuwa anayafanya. Anaisokota pamba juu ya paja. Anaitia kwenye mwanya kwa kidole kwanza. Kisha anagonga, na katikati ya kugonga anasikiliza, maana mwanya ukiwa haujajaa mlio unakuwa mzito, na ukishajaa unakuwa mkali. Mwanagenzi aliye upande wa pili wa chombo anagonga kwa nguvu na kwa haraka. Mzee hamkemei. Anasogea, anapitisha ukucha juu ya mshono, anaivuta nje pamba iliyotiwa na kijana, anamrudishia mkononi. Hakuna aliyesema neno. Kijana anaanza upya, safari hii polepole.

Hiyo ni nusu dakika ya picha, na ndani yake mna kazi, mna mwalimu na mwanafunzi, mna adabu ya kufundisha. Sijui swali ambalo lingeileta.

Lakini usitarajie kuipata siku ya kwanza. Siku ya kwanza mzee atakuja kazini na kanzu safi na kofia ya kufuma, wakati kila siku hufanya kazi na kikoi na fulana iliyotoboka. Atamsifu kijana kwa sauti, au atamkaripia kwa sauti, kwa sababu anajua anatazamwa. Kila atakachokifanya atakieleza. Hilo si la kumlaumu; ni heshima anayompa mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwa mpiga picha methali hiyo ni kipimo kizuri sana. Siku utakayoambiwa, "Mwanangu, weka hiyo kamera, nishikie ubao huu," nawe ukajibu, "Haya, ami," ukashika, ndiyo siku kukaa kwako kumeanza. Yote uliyopiga kabla ya hapo ni picha za mapokezi. Zihifadhi, lakini usizijengee filamu.

Ndiyo maana nasema sehemu kubwa ya kukaa hufanyika kamera ikiwa mkobani. Unakunywa kahawa tungu, unasaidia kusukuma chombo maji yakijaa, unakwenda mazishini, unamwamkia mama wa fundi kabla hujamwamkia fundi. Watu wa Lamu wanamjua mtu kwa ukoo na kwa mwendo wake: wewe ni mtoto wa nani, unaswali wapi, mara ya mwisho ulipopewa kitu cha watu ulikirudisha? Maswali hayo watayajibu wao kwa wao, bila kukuuliza wewe, na watayajibu kwa muda wao.

Kalenda ya kukaa ni ya pepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba hadi Machi, kusi huja kuanzia Aprili na kuendelea hadi Septemba hivi. Kusi ikiwa kali, wavuvi wengi hujizuia ndani ya mikondo, yaani njia za maji katikati ya visiwa, na vyombo vingi hupandishwa pwani vikarabatiwe. Kaskazi bahari hutulia, watu hutoka mbali, na mji hujaa wageni. Aliyekaa msimu mmoja peke yake amemwona mvuvi nusu. Kama mhusika wako ni mtu wa bahari, basi mwaka mmoja ndio kipimo cha chini, na usianze kama huwezi kuurudia upepo wa pili.

Kukaa muda mrefu si dhamana ya ukweli

Jambo hili nalisisitiza kwa sababu wapenzi wa njia ya kukaa hulisahau. Robert Flaherty, Mmarekani anayetajwa mara nyingi kama mwanzilishi wa filamu ndefu ya hali halisi, aliishi na kupiga picha miongoni mwa Wainuit wa kaskazini mwa Kanada mwaka 1920 na 1921, na filamu yake ikatoka 1922. Alikuwa na subira, na watu wale walimpenda na wakamsaidia kazi. Hata hivyo nyumba ya barafu tunayoiona ndani ya filamu ilijengwa kubwa kuliko kawaida na ikakatwa upande mmoja ili mwanga uingie, na uwindaji ulionyeshwa kwa silaha za mababu wakati watu hao walikuwa tayari wanatumia bunduki. Alikuwa karibu nao, na ukaribu huo huo ndio uliomwezesha kuwaomba wafanye alichotaka yeye.

Lamu tuko hatarini zaidi na jambo hili kuliko mahali pengi. Mji wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo kila anayekuja anataka mlango wa nakshi, punda kwenye kichochoro na tanga machweo. Fundi wako akiwa na msumeno wa umeme, mpige na msumeno wa umeme. Mashua ikiwa na injini ya nyuma, tuisikie. Ukimwambia mzee aweke tezo mkononi kwa ajili ya picha, umeshaacha kukaa naye, umemwajiri aigize.

Unachopata kwa kuuliza

Kuna mambo hayakaliwi kwa sababu yameshapita. Ujenzi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa mwaka 2012, bahari ikachimbwa, na gati ya kwanza ikaanza kazi 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kama filamu yako inahusu mlolongo huo, hata ukikaa na mvuvi mwaka mzima sasa, kamera yako haitaona mkondo ulivyokuwa kabla ya kuchimbwa. Ule mkondo umo katika kumbukumbu za watu, na kumbukumbu huombwa kwa swali. Hapa kuuliza si njia ya mkato. Ni ushahidi, na ushahidi unahitaji watu wengi, majina ya mahali, miaka, na mtu wa pili wa kuthibitisha au kupinga alichosema wa kwanza.

Kuuliza nako kuna subira yake, ila ni subira ya dakika badala ya miezi. Jibu la kwanza la mvuvi kuhusu bandari ni lile ambalo ameshawapa wanahabari na watu wa mashirika: fidia, idadi, ahadi. Analitoa vizuri, limepangika. Akimaliza, wanaoanza kazi hii hurukia swali la pili. Usiruke. Nyamaza, mtazame kwa adabu, kamera iendelee. Mvuvi mmoja nilinyamaza naye namna hiyo, akatazama chini, akarekebisha kikoi, kisha akasema kwamba mwanawe wa mwisho hajui miamba waliyokuwa wakivua inaitwaje, kwa kuwa hawaendi tena huko na hakuna sababu ya kuitaja. Fidia haikuwa ndani ya jibu hilo hata kidogo. Lilikuja baada ya kimya ambacho kilinipa shida kukivumilia.

Mahali pa kuhojia napo ni sehemu ya subira. Nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe na chokaa ina kuta nene, na ndani yake sauti hutulia vizuri kuliko chumba cha bloku na mabati. Zima feni. Ngoja punda apite. Adhana ikianza, usikae tu ukingoje iishe ili uendelee: zima mashine, mwache mtu aende akaswali, nawe mwombe mrudi baadaye. Mtu aliyeachiwa nafasi ya swala yake hurudi akiwa mwingine. Yule aliyezuiliwa kitini atakujibu huku moyo wake uko msikitini.

Udhaifu mkubwa wa kuuliza, kwa maoni yangu, ni kwamba hupendelea wenye ulimi. Nenda barazani ukitafuta wa kuhoji, utapewa wale wale: mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kikundi, mzee anayejulikana kwa hadithi. Wote wanaume, wote wanajua kamera inataka nini. Yule anayepara samaki, yule mbeba mawe wa kwenye mashua za mchanga, binti anayesuka ukili nyuma ya nyumba, hawatatajwa, na ukiwaleta kitini watasema "sina mengi ya kusema." Kwa kukaa, watu hao ndio wanaojaza filamu.

Hata lugha hubadilika. Mkalishe mtu wa Amu mbele ya taa na maiki ya kifuani, Kiamu kinamtoka, anaanza kuzungumza kama taarifa ya habari. Mbajuni wa Kizingitini vivyo hivyo. Kaa naye jikoni au chomboni, na baada ya muda anarudi kwenye usemi wake, pamoja na mizaha na matusi madogo ya upendo ambayo ndiyo uhai wa mazungumzo. Ukichagua kuuliza, basi angalau mhoji awe mtu wa lahaja ile ile, na maswali ayaulize kwa lahaja hiyo.

Ndani ya nyumba

Kwa Lamu na Malindi suala hili linastahili kusimama peke yake, kwa sababu huamua njia kabla hujaamua wewe. Mpiga picha mwanamume anaweza kukaa na fundi, na mvuvi, na mbeba mizigo. Hawezi kukaa na bibi harusi anayefungwa hina, wala na wanawake waliokusanyika kusuka na kuzungumza ndani. Watu wameshalitatua jambo hili kwenye harusi: shughuli za wanawake hupigwa na wapiga picha wanawake, na kanda hizo huonwa na wanawake tu. Dokumentari inapaswa kufuata adabu hiyo hiyo.

Mpiga picha mwanamke, kwa upande wake, ana mlango ambao mwingine hana. Nimeona dada mmoja akijifunza kusuka ukili na wanawake aliokusudia kuwapiga picha. Mtu anayesuka hakutazami usoni, nawe humtazami. Macho yote yako kwenye miaa. Mazungumzo hutiririka kwa namna ambayo kiti na taa haviwezi kuyatoa. Baadaye alipoanza kupiga, alipiga mikono na sauti, nyuso chache, kwa sababu hivyo ndivyo walivyokubaliana. Filamu haikupungukiwa na kitu. Ukiambiwa uso usionekane, chukulia hilo kama sharti la usanii, ulifanyie kazi vizuri, badala ya kuwabembeleza watu mpaka wachoke wakubali.

Idhini

Katika kuuliza, idhini ni jambo la siku moja. Unaeleza filamu ni ya nini na itaonyeshwa wapi, mtu anakubali au anakataa, anatia saini au anasema kwa sauti mbele ya kamera, mnamaliza. Anajua alichokisema. Akikumbuka usiku kwamba kuna neno lilimponyoka, atakupigia simu.

Katika kukaa, idhini ya siku ya kwanza haitoshi hata kidogo, kwa kuwa siku ya kwanza hakuna anayejua atakubali nini. Fundi aliyekubali upige kazi yake hakukubali upige siku atakayogombana na mwanawe kuhusu deni. Kadiri anavyokuzoea ndivyo anavyosahau kwamba unarekodi, na hapo ndipo mzigo unakuangukia wewe uliyekumbuka. Kanuni ninayoishika ni rahisi: jambo lolote ambalo lingemtia haya mbele ya jirani, namwuliza tena siku inayofuata, bila kamera, na bila mtu wa tatu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inatambua haki ya mtu kuiondoa idhini aliyoitoa. Lakini Lamu hutangoja sheria. Mji ni mdogo, na ukimvunjia mtu heshima hakuna nyumba nyingine itakayokufungulia.

Karatasi za serikali nazipitia haraka: leseni ya kupiga filamu inahitajika, Ngome ya Lamu na magofu ya Gede viko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na vinataka ruhusa yake, na droni ina masharti ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Shughulikia hayo mapema, ila pia mwone mzee wa mtaa. Ruhusa ya ofisini haitakuingiza mtaani.

Na malipo? Mtu unayemhoji usimlipe ili aseme, kwa maana atakuuzia unachotaka kusikia. Mrudishie nauli na siku yake ya kazi kama umemtoa kazini, basi. Unayekaa naye ni jambo jingine. Unakula kwake, unamchelewesha, unamjazia ua. Beba sukari, unga, mafuta, na kama filamu imeuzwa, mkae mzungumze wazi fungu lake ni lipi. Hili liandikwe mwanzoni, hata kama anasema hapana haja.

Gharama

Zamani kukaa kulikuwa kwa matajiri. Mkanda wa filamu ya milimita 16, futi 400, ulikwisha ndani ya dakika 11 hivi, kisha unapakia mwingine, na kila mmoja ulinunuliwa na ukasafishwa kwa pesa. Kungoja mzee avute pamba kwenye mshono kulikuwa na bei. Leo simu nzuri hurekodi bila kukatika, na gharama imehamia kwenye kuhifadhi. Video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa moja. Saa 60 za kukaa ni karibu terabaiti 2.7, na lazima ziwe katika diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, kwa kuwa chumvi ya hewa yetu haina huruma na vyuma. Ukirekodi kwa kiwango cha chini, cha 1080, unaweza kupunguza mzigo huo kwa robo tatu, na kwa filamu ya kwanza sioni ubaya wowote.

Kuuliza kunataka vifaa bora zaidi kwa siku chache: maiki nzuri, taa, tripodi, labda mtu wa sauti. Kukaa kunataka vifaa vidogo kwa siku nyingi. Usinunue kamera kubwa kwa kukaa. Itawakumbusha watu kila dakika kwamba upo.

Gharama kuu ya kukaa ni muda. Kampuni inayotoka Nairobi au London hulipia kila usiku wa chumba, kwa hiyo inalazimika kuuliza hata pale ilipotakiwa kukaa. Wewe unalala kwenu. Unaweza kuja asubuhi, ukakuta mtu hana hali ya kutazamwa leo, ukarudi nyumbani bila hasara. Huo ndio mtaji ulio nao kuliko wao wote, na nasikitika ninapoona vijana wetu wakiuacha ili waige filamu za siku nne.

Kazi baada ya kupiga

Mahojiano manane ya saa moja moja ni saa nane. Kuyaandika neno kwa neno ni saa nne au zaidi kwa kila saa, lakini ukishaandika, unaweza kuipanga filamu kwenye karatasi. Kazi inaonekana mwisho wake.

Kukaa hakuna karatasi ya namna hiyo. Frederick Wiseman wa Marekani, aliyetoa filamu yake ya kwanza mwaka 1967 na ambaye hakuwa na desturi ya kuhoji wala kuweka sauti ya msimulizi, kwa kawaida alipiga kwa wiki chache tu, kisha akahariri kwa muda unaokaribia mwaka. Subira yake kubwa ilikuwa mezani, akizitazama saa nyingi za picha mpaka zimwonyeshe zinataka kwenda wapi. Kwa hiyo kama una miezi miwili tu ya kuwa na watu lakini una mwaka mbele ya kompyuta, kukaa bado kunawezekana. Na kama huna hamu ya kutazama saa 60 za picha zako mwenyewe, zote, mara mbili, chagua kuuliza na usione haya.

Ipi ikufae

Kwa kazi ya mikono, kwa familia, kwa urafiki, kwa jambo lolote linaloendelea sasa: kaa. Filamu ya The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, iliyotoka 2019, inaingia ndani ya familia moja ya pwani hii ambamo bibi mzee ameshukiwa uchawi na baadhi ya jamaa zake mwenyewe. Jambo kama hilo ukiliuliza mlangoni utaambiwa halipo.

Kwa kesi, ardhi, bandari, historia ya mtaa, watu waliotangulia: uliza. Uliza wengi, na uwatafute wale wasiotajwa barazani.

Maulidi ya Lamu, katika Mfungo Sita, hayaingii vizuri upande wowote. Ni siku chache, umati mkubwa, msikiti wa Riyadha umejaa. Wanaopiga vizuri ni wale waliokaa kabla: waliokwishahudhuria mazoezi ya matari, wanaojua kijana gani atakuwa safu ya mbele na nani atalia. Kaa miezi, piga siku chache.

Kwa kijana anayejaribu kuacha unga wa kulevya, na pwani yetu ina wengi, Malindi na Lamu kote, mimi nachagua kuuliza, tena kwa sauti peke yake. Najua wengi watasema hadithi kama hiyo inadai kukaa. Lakini ukikaa naye na kamera, siku atakayoteleza wewe utakuwepo unarekodi, na picha hiyo itamfuata akitafuta kazi, akiposa, akiwa baba. Akiulizwa, anachagua mwenyewe aseme nini na anyamaze wapi. Ukaribu wako naye uutumie kumsindikiza kliniki.

Na kama bado unasitasita, anza kwa kukaa na umalizie kwa kuuliza. Mahojiano ya mwisho, baada ya mwaka, ni ya watu wanaojuana. Swali linaweza kuwa fupi sana: "Ami, siku ile uliirudisha pamba, ulikuwa unafikiri nini?" Mpangilio wa kinyume, wa kuuliza kwanza kisha kukaa, siupendekezi. Mtu aliyeanza kwa kukujibu huendelea kukujibu.

Kuonyesha

Hapa njia zote mbili zinadai kitu kimoja. Katika miaka ya 1950 Jean Rouch, Mfaransa aliyefanya kazi miaka mingi Niger, aliwaonyesha wawindaji wa viboko filamu aliyoipiga juu yao. Alikuwa ameweka muziki wa uwindaji juu ya picha za kumfukuza mnyama. Wakamwambia muziki haufai: anayewinda hunyamaza, kiboko akisikia kelele atakimbia. Akauondoa. Alikuwa ameishi nao, na bado kuna jambo la msingi ambalo walimfundisha walipoiona kazi yao kwenye kitambaa cheupe.

Kwa hiyo weka siku za kuonyesha ndani ya bajeti tangu mwanzo. Mhusika mkuu aione kwanza, nyumbani kwake, na watu anaowachagua yeye. Usiketi mbele yake. Keti nyuma, usikilize anacheka wapi na anaguna wapi. Akisema kipande kitoke, uliza sababu mara moja tu kisha kitoe. Wale wa mahojiano waone sehemu zao na zile zinazowajibu, wajue wamewekwa karibu na nani. Baada ya marekebisho ndipo uite mtaa: ukuta uliopakwa chokaa, projekta ya kuazima, wanawake na nafasi yao, na jenereta mbali upande wa upepo unakokwenda.

Zungumza nao pia kuhusu picha ambazo hazikuingia. Filamu ya dakika 50 kutoka saa 60 inaacha saa 59 kwenye diski, na kwa fundi wa Matondoni saa hizo ni mafunzo kamili ya jinsi jahazi linavyojengwa, kuanzia mkuku, ule uti wa chini wa chombo, hadi deheni, mafuta yanayopakwa mwisho. Mpe nakala yake, umwonyeshe kijana wake jinsi ya kuifungua, na muandikiane nani anaruhusiwa kuitumia baada yenu.